Gia za Baiskeli ya Baba

Babangu alipofariki aliacha wake wawili, minazi, na baiskeli ya mashindano aliyopewa na mgeni mmoja wa hoteli alikokuwa akitunza bustani. Minazi iligawanywa bila kelele. Baiskeli ndiyo iliyotutoa roho, mimi na kakangu wa nyumba kubwa.

Sitasema kwamba tulikuwa tukipendana kabla ya hapo. Mamake aliolewa kwanza, na kaka huyo alinihesabu mimi na mamangu kama watu tuliokuja kula pasipokuwa petu. Nikimwona anakuja njia ya kisimani, nilikuwa nageuza uso nikatazama mihogo. Sote tulikaa Likoni, ua mmoja, na kuna miezi iliyopita hatukutupiana hata salamu.

Shangazi yetu, dadake baba, ndiye aliyeamua. Alituita barazani kwake akatwambia, "Wiki hii yako, wiki ijayo ya mwenzio. Mtabadilishana Ijumaa baada ya swala, hapa kwangu, mbele ya macho yangu. Na mwenye kelele akapige nyumbani kwake."

Mimi nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja upande wa Diani. Ilikuwa safari ndefu. Wiki zisizo zangu niliomba lifti njiani, nikichelewa mara kwa mara; wiki zangu, upepo wa kusi ukivuma ulikuwa unapiga pedali kama mtu asukumaye ukuta. Ndiyo maana gia kwangu hazikuwa pambo. Zile gia za nyuma, toka jino dogo la kukimbilia hadi jino kubwa la kupandia mlima, ndizo zilizonifikisha kazini nikiwa bado na nguvu za kukamua mashuka. Kakangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alifunga kareti ya samaki nyuma kwa kamba za mpira, akateremka Mtongwe, akarudi na samaki wakichuruzika maji ya chumvi juu ya mnyororo, juu ya waya, juu ya kila kitu.

Kila Ijumaa ya zamu yangu nilipokea baiskeli iliyonuka. Mara ya kwanza gia zilipoanza ukaidi, nilikuwa njiani asubuhi. Nikivuta kijiti cha gia, mnyororo haupandi; nikikata tamaa, unapanda wenyewe. Jioni nilifungua waya nikaukuta umeshika kutu ndani ya ganda lake, pale unapojikunja kufika gurudumu la nyuma. Kutu nyekundu ya chumvi. Nilinunua waya mpya na ganda jipya, nikapaka grisi, gia zikaingia vizuri wiki nzima. Ijumaa nikamkabidhi. Ijumaa iliyofuata nikaipokea na magamba ya samaki yamekauka katikati ya meno.

"Ukishusha samaki, ipitishie maji matamu," nilimwambia.

"Uoshe wewe," akasema. "Si wewe ndiye dobi?"

Ugonjwa uliofuata ulikuwa mwengine. Safari hii waya ulikuwa mzima, lakini mnyororo ulikuwa ukiruka. Nikiwa katikati ya mpando, mguu umekandamiza, krak, mnyororo wahama jino, goti lagonga bomba. Nilidhani kijiti cha gia kimelegea na kinajirudisha, nikakaza skrubu yake. Haikusaidia. Nikadhani mnyororo umelika, nikaupima na mpya dukani, haukuwa umelika. Nikazisogeza zile skrubu mbili ndogo zinazozuia mnyororo usivuke mwisho huku na huku. Nikitengeneza jino kubwa, dogo lagoma. Nikitengeneza dogo, kubwa lapiga kelele kama mtu anayesaga mchanga. Fundi wa pale sokoni, ambaye maisha yake yote alitengeneza baiskeli nzito zisizo na gia, aliitazama mara moja akasema, "Hii yataka mganga."

Niligundua Alhamisi, baiskeli imepinduliwa kichwa chini uani, nami nimechuchumaa nyuma yake. Kile kidude kinachosukuma mnyororo, chenye vigurudumu viwili vidogo, kinaning'inia kwenye kipande cha chuma cha fremu kinachoitwa sikio. Vile vigurudumu viwili vyafaa visimame wima, sambamba na meno. Havikusimama hivyo. Cha chini kilikuwa kimeegemea ndani, kinazielekea spoku. Sikio limepinda. Na ubavuni mwa kile kidude mlikuwa na mikwaruzo mipya, ya saruji. Wiki zangu mimi niliegemeza baiskeli ukutani, upande wa kushoto. Ni yeye aliyekuwa akiiangusha kwa upande wa mnyororo, kareti na samaki wakiwa juu yake, kwa sababu ilikuwa rahisi kufungua mipira ikiwa chini.

Ijumaa nilimwambia, shangazi akisikia.

"Nipe hadi kesho. Nitaazima spana kubwa gereji ninyooshe sikio."

"Zamu yangu yaanza leo."

"Basi usitie gia kubwa ya nyuma. Kile kidude kitaingia kwenye spoku. Sikio limepinda."

"Nani amelipinda?"

"Wewe. Waiangusha upande wa gia."

Akacheka kwa pua. "Wanifundisha baiskeli ya babangu?"

"Ni babangu pia."

"Ndivyo alivyosema mamako."

Nilimrukia. Nilikamata usukani, naye akakamata kiti, tukavutana pale barazani mpaka shangazi akatoka na upawa akatupiga sote wawili vifundoni bila kuchagua. Nikaachia. Akapanda, akaenda zake, kareti ikigongagonga nyuma.

Jumatatu waliniletea habari kazini. Alikuwa akipanda toka ufukweni Mtongwe, kareti imejaa, akavuta gia hadi mwisho, lile jino kubwa nililomkataza. Kidude kikaingia kwenye spoku, gurudumu likafunga ghafula, naye akaanguka kwa uso. Samaki waliokotwa na watoto na paka.

Nilipofika nyumbani ua ulikuwa umejaa. Yeye amekaa kitini, shavu limechunika, mdomo umevimba. Mamake alinielekezea kidole kabla sijavua viatu. "Huyo! Alijua! Alisema mwenyewe itaingia kwenye spoku, na ikaingia! Mtu ajuaje kama hakuitega?"

Nilitazama nyuso za watu wangu, wajomba, majirani, nikaona wameshamaliza kuhukumu. Kilichonichoma si yule mama. Kilichonichoma ni kwamba mamangu mwenyewe alikuwa ameinama asinitazame.

Nilikwenda nikaichukua baiskeli, nikaipindua katikati ya ua. Spoku zilikuwa zimekatika na kile kidude kimejisokota, lakini sikio bado lilikuwepo, limepinda zaidi ya mwanzo. Nikawaonyesha ile mikwaruzo ya saruji. Nikasema shangazi aulizwe, si nilimwonya mbele yake? Shangazi alisema, "Alimwonya. Wallahi nilisikia." Halafu mjomba mmoja akasema kwamba kuonya si hoja, hata mchawi huonya. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

"Njoo mwenyewe utazame," nikamwambia kakangu. "Tazama sikio lilivyopinda."

Akainuka. Nilidhani anakuja kutazama. Aliingia ndani akatoka na msumeno wa chuma, akapiga goti, akaanza kulikata lile sikio. Hakuna aliyemzuia. Mimi pia nilisimama tu, maana sikuamini. Ilichukua muda, chuma kilikuwa kizuri. Kilipodondoka alikiokota akakirusha miguuni kwangu pamoja na kile kidude.

"Haya," akasema, maneno yakitoka kwa shida katika ule mdomo. "Sasa hakuna kilichopinda."

Baadaye alitia spoku mpya, akafupisha mnyororo, akaufunga kwenye jino moja tu, akawa anaipanda hivyo hivyo, kama baiskeli ya mtu yeyote. Zamu ikafa. Shangazi alisema, "Na iwe yake, nimechoka nanyi," nami sikubishana, kwa kuwa nisingeweza kwenda Diani kwa gia moja na kurudi mzima. Nilipoteza ile kazi baada ya kuchelewa mara nyingi mno. Mwaka uleule nilivuka feri nikapanga chumba Junda, kule Kisauni, nikapata kazi kwenye ghala la simiti, na mamangu nikamfuata kumchukua mwaka uliofuata. Hatukuzungumza kamwe kuhusu siku ile aliyoinama. Nilijaribu mara moja, akaniambia mchuzi unaungua.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni shangazi alipofariki. Nilikwenda Likoni kumzika. Kakangu alikuwa amenenepa, amevaa kanzu safi, watu wanamwita mzee. Baada ya dua alikuja hadi niliposimama akanipa mkono, kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Niliupokea kwa sababu hiyo hiyo. Ulikuwa mkono mkavu. Nikauachia, nikaenda kutafuta gari la kurudi Kisauni kabla wali haujapakuliwa.