Timu Isiyofungwa ya Ami Seif

Nakumbuka Ijumaa moja huko mtaa wa Mabela, mwanangu, mzee mmoja kipofu aliuliza swali ndani ya gari langu, na hakuna aliyetaka kulijibu. Nilijibu mimi. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilipita mlangoni kwako nikasikia kelele za uwanja, nikakukuta na pedi ya kuchezea mkononi, unacheza lile gemu la mpira wa Kimarekani, la timu za vyuo, lililokuwa likitoka toleo jipya kila mwaka. Nilidhani limekwisha kufa. Miaka mingi halikutolewa, kumbe limerudi. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda zangu bila ya kukwambia kitu, na wewe ukadhani nimekasirika.

Sikukasirika. Cheza. Mimi si katika wazee wanaolaumu kila wasichokijua. Mimi ni mtu niliyesoma. Nilirudi nchi hii ya babu zetu kutoka Unguja na begi moja, sina hata Kiarabu cha kunifikisha sokoni. Mchana nikivuta nyaya kwenye majengo, jioni nikienda darasani. Diploma yangu ya umeme unaiona hapo sebuleni, na msumari wake niliupigilia mwenyewe. Nyumba hii ya mtaa wa Hail, kila taa iliyomo nimeifunga kwa mkono wangu. Hakuna aliyenibeba, ila mtu mmoja: Ami Seif, ndugu wa baba yangu, aliyenipa chumba nyumbani kwake Mabela mpaka niliposimama.

Ami Seif alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Khalfan, rika langu. Khalfan alipelekwa Marekani kusoma. Masomo hayajafika nusu, baba yake akapofuka kwa maradhi ya sukari, na Khalfan akaacha chuo akarudi kumuuguza. Hakulalamika hata mara moja. Alirudi na nguo zake, na mashine ya kuchezea, na hilo gemu la vyuo. Kila mwaka, katika lile joto ambalo huwezi kushika mlango wa gari, toleo jipya likitoka humwagiza rafiki yake amletee, akalicheza kwa timu ya chuo kile kile alichokiacha.

Siku moja Ami akapapasa ukuta mpaka chumbani kwa Khalfan, akasikia ngoma na umati unashangilia.

"Chuo chako hicho, Khalfan?"

"Ndiyo, baba."

"Wanashinda?"

"Wanashinda."

Mzee akakaa kwenye zulia, uso umemkunjuka vile nisivyouona kwa miaka. Alidhani ni televisheni, mechi yenyewe, inarushwa kutoka kule. Khalfan akanitazama, akanipungia mkono: mwache.

Tokea hapo ikawa ndiyo ada yao. Ami na kahawa yake, Khalfan na pedi yake, anacheza huku anamtangazia: "Kaubeba, baba! Anakimbia! Wanamfuata mijitu ya mabega kama makabati, hawamwezi!" Mzee anapiga paja: "Mwambie asigeuke nyuma, huyo!" Khalfan alikuwa ameliweka gemu kwenye daraja rahisi kabisa, la watoto wadogo. Na timu ikianza kuzidiwa, anazima. "Dishi limeharibika, baba." Kisha anaanza upya. Kwa hivyo masikioni mwa Ami Seif chuo cha mwanawe hakikupata kufungwa.

Nilimwambia Khalfan, "Yakhe, hili litakugeukia."

Akanijibu, "Nimemnyima nini? Analala akijilaumu kwamba kaniharibia masomo. Hapa angalau anacheka." Na mimi, na diploma yangu, nikaenda kumtilia mzee kahawa.

Wala usimwone Khalfan peke yake. Nyumba nzima ndivyo tulivyokuwa. Unaijua desturi yetu: mzee mgonjwa haambiwi habari mbaya, sukari isije ikampanda. Dada yake Ami, Bi Zuwena, aliyebaki Unguja, alifariki miezi mingi kabla ya hiyo Ijumaa ninayokwambia. Azaa, yaani matanga yake, tukaiweka kwa jamaa, mbali na Mabela, asije akasikia Kurani inasomwa, na yeye tukamwambia tunakwenda harusini. Kila akiuliza, anajibiwa: Bi Zuwena hajambo, anakusalimu. Naye humrudishia salamu, na tende nzuri za kumpelekea. Tende tukizigawa kwa majirani.

Basi Ijumaa hiyo, baada ya sala ya alasiri, niliwachukua wote wawili kwa gari langu, jipya, la jasho langu, mpaka sabla ya mtaa, pale wanaume wanapokutana kwa kahawa na halua. Alikuwapo kijana wa jirani, amekuja likizo, naye akisoma huko huko Marekani. Ami akaanza kujigamba, jambo ambalo katika ukoo wetu si geni.

"Chuo cha mwanangu," akasema, "tokea nikijue hakijafungwa."

Kijana akauliza ni kipi. Ami akakitaja. Kijana akacheka, bila ubaya. "Hao? Wallahi, Ami, hao mwaka huu wamefungwa na kila mtu. Hata kocha kafukuzwa."

"Juzi nimewasikia kwa masikio yangu wakishinda!"

"Juzi? Msimu wao umekwisha zamani, Ami. Hakuna anayecheza saa hizi."

Mzee mmoja akadakia, "Labda Seif ana stesheni yake peke yake!" Sabla nzima ikacheka. Na mwingine, mwenye watoto, akamaliza: "Hiyo itakuwa gemu, Seif. Wangu pia wanayo."

Ami hakucheka. Aligeuza uso upande wa Khalfan. Khalfan ameshika kikombe, hanywi.

"Nirudisheni nyumbani."

Tulipofika nikazima gari, naye hakushuka.

"Hilo gemu sikuulizeni," akasema. "Nakuulizeni mengine. Zuwena yu hai?"

"Baba," Khalfan akaanza, "Bi Zuwena haja..."

"Sikukuuliza wewe. Nnamuuliza huyu, mtoto wa ndugu yangu. Zuwena yu hai?"

Nilitazama usukani. Nikasema, "Amefariki, Ami."

"Lini?"

Nikamwambia. Ndani ya gari kukawa hakuvutiki pumzi kwa joto, na hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

"Salamu zangu mlikuwa mkizipeleka wapi?" akauliza. Kisha akasema, taratibu, bila hasira: "Nilipoteza macho tu, wanangu. Ningemlilia. Ningekaa azaa yake, watu wakanipa mkono. Ningemwombea dua usiku ule ule alipozikwa. Hayo yote mmenichukulia, mkanipa mpira."

Sukari haikumpanda. Alisali, akamwombea dada yake, akaishi baada ya hapo zaidi ya tulivyotarajia. Lakini hakutuamini tena. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Ukimletea salamu za mtu, atauliza, "Wallahi?" Hata Khalfan alipooa baadaye na mkewe akajifungua, akaja mbio kutoka hospitali, analia kwa furaha: "Baba, umepata mjukuu!" Ami akasema, "Inshallah," kama anayeahidiwa kitu cha mwakani. Alingoja mpaka mtoto alipowekwa mapajani mwake, akampapasa uso, ndipo akasema alhamdulillahi. Khalfan alikuwa amesimama pale pale. Alikufa mzee yule bila ya kuliamini tena neno la mwanawe mara tu analiposikia, na Khalfan ndiye aliyemwosha kabla ya kumzika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nimejenga, nimesoma, nimesimama bila msaada, na sijapata kujifunza kitu kigumu kuliko hiki: mtu unayempenda usimpunguzie dunia. Timu ikifungwa, mwambie imefungwa, mkae mnune pamoja. Akifa mtu wake, mwambie, kisha umshike. Uwongo wa huruma haumpi mzee raha. Unamtoa katika idadi ya watu wazima, naye siku akijua hatakuwa na wa kumwamini katika saa anazomhitaji zaidi. Na mimi nnaanza kuzeeka; daktari wangu ameshaanza kuzungumza nawe pembeni. Nimemwona.

Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali. Akupe ulimi usioogopa na mkono laini. Na siku wewe utakapokuwa wa kushikwa mkono, akujaalie mtoto atakayekwambia kweli, kisha asiondoke chumbani.