Kalkulasi ya Mkamwana

Mke wangu alikuwa na siku sita za kujiandaa na mtihani wa mwisho wa kalkulasi. Alikuwa anaurudia. Akianguka tena chuo kinamwondoa, yeye mwalimu wa shule ya msingi, miaka arobaini na mbili, aliyeomba ruhusa kazini ili apate digrii. Tukaenda Mpuguso kwa baba yangu, aliyefundisha hesabu sekondari maisha yake yote. Mimi nina shahada ya fasihi, msinihesabu.

Tatizo ni kwamba kwa Wanyakyusa wa umri wa baba, mzee na mkamwana wake hawaonani wala hawasemeshani. Miaka kumi na nne ya ndoa yetu, baba akisikia hatua za mke wangu hugeukia migomba. Ni mzee wa kanisa, lakini hilo hajawahi kumuuliza mchungaji.

Kwa hiyo nikawa tarishi. Baba anaandika swali barazani, napeleka jikoni. Mke wangu anakokotoa, narudisha. Karatasi ikilowa mvua, nanakili upya. Siku ya tatu nikanakili swali nikaacha alama ya kutoa, nikidhani ni uchafu wa majani ya chai. Mke wangu akahangaika nalo asubuhi nzima, mwisho akalia juu ya ndizi alizokuwa anamenya.

"Kichwa changu kimezeeka," akaniambia. "Mwambie baba asijisumbue tena."

Nikamwambia. Baba akaitazama nakala yangu, akavua miwani.

"Kahawa yangu yote iliishia kukusomesha wewe. Huko kwenye fasihi mlikuwa mnajumlisha tu?"

Akabeba kigoda hadi nyuma ya jiko, akaketi mgongo ukielekea dirishani. Mbele yake alikuwa amefungwa mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya darasani, "hukukosea wewe. Amekosea mletaji. Haya, hiyo x ya mbele unaiita nani?"

Nikasikia kisu kikiwekwa chini jikoni.

"Mbuzi, mwambie naiita u."

"Na iliyobaki?"

"Hiyo ndiyo naiintigreti."

"Ndaga," akashukuru baba. "Mbuzi huyu ana akili kuliko mwanangu."

Wakaendelea hivyo siku tatu, hata mvua ilipomlazimu baba kujifunika jani la mgomba. Ndizi nikamenya mimi, vibaya.

Matokeo yalipotoka nilikuwa kwa baba. Mke wangu akapiga simu kutoka chuoni, akacheka kabla ya kusema lolote. Amefaulu. Nikamwambia baba. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mazoezi ambalo mke wangu alikuwa ameliacha jikoni. Akapapasa mifuko yote ya koti akitafuta kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya jibu la mwisho, akaandika polepole: "Vizuri sana, mwanangu."

Akaupuliza wino mpaka ukakauka, ndipo akanipa nimpelekee.