Ayoni Isiyo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara, mzee wa Kihindi wa Mji Mkongwe, hakunionesha chupa wala mizani. Alinikalisha mbele ya kompyuta akanambia kwamba chumvi ikiyeyuka majini hugawika vipande vyenye chaji, vingine chanya, vingine hasi, ndivyo viitwavyo ayoni. "Na hazikai peke yake, binti. Hata siku moja."

Basi ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nastaafu: kuigiza kwa hesabu namna ayoni zinavyovutana na kusukumana katika maji ya visima vya Unguja. Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe, jibu likija mnakwenda kunywa chai. Sisi hesabu tukiziandika wenyewe. Kila ayoni huzungukwa na zenye chaji ya kinyume, kama mwari na makungwi wake, na kuzungukwa huko huipunguza nguvu. Mwisho wa yote, chanya na hasi lazima zilingane.

Yakaja maji ya kisima kimoja cha pangoni, upande wa Makunduchi. Hasi hazikutosha. Nikapima upya, hazikutosha vilevile. Mchana mweupe, feni inazunguka, na mie nywele zimenisimama, maana mle majini mlikuwa na kitu kinavuta wenziwe nami siwezi kukiona. Nikabuni ayoni moja hasi isiyo na jina, nikaitia kwenye hesabu. Ikatulia palepale, kana kwamba ilikuwa ikingoja kuitwa.

Mkuu akasema ni kosa la chombo, nitie saini pampu ya kisima hicho ifunguliwe. Nikakataa. Katika ayoni hasi, naitrati hatukuipima, kwa kuwa tukiihesabu ni uchafu wa vyooni, na kule hapana nyumba wala choo. Akanambia kwa hasira niende mwenyewe nikaitafute.

Mlangoni mwa pango nilimkuta Bi Mize, mtunza kisima, kampakata mjukuu wake mchanga. Mama wa mtoto alikufa kwa uzazi, naye akinyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yale. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Nikainua macho: dari lote lilikuwa popo, linapumua, na kinyesi chao kinadondokea kisimani. Naitrati hiyo, na damu ya mtoto mchanga haiihimili, hushindwa kubeba hewa.

"Nipe mtoto, Bi Mize. Twende hospitali."

Akasema huyu kashaitwa na pango, na aliyeitwa haondolewi. Wametangulia wachanga wengine wa ukoo wake, wote kwa midomo hiyo hiyo. Nikamchukua mtoto mikononi mwake, bibi akanifuata garini analia.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Sasa nimestaafu, na hesabu nyingi nshazisahau. Ninachokumbuka ni ukumbi wa hospitali siku tuliyomtoa, Bi Mize kanishika mkono.

"Na wale wengine, mwanangu? Maji?"

"Naam, Bi. Naona ni maji."

Akamtazama mtoto.

"Aliyekuwa akiwanywesha ni mie."