Shati Lililofungwa Hadi Shingoni

Siku ile mluzi wa fundi haukusikika gerejini, mtaa wa Sakina. Fundi, mwenye vidole vyeusi kwa grisi na shati lililofungwa vifungo hadi shingoni hata jua likiwaka, alikuwa chumba cha dharura hospitalini, mkono umeunguzwa na maji ya moto ya rejeta ya gari.

"Mvueni shati! Anaona aibu kama bibi harusi," wenzake waliomleta walimcheka.

Yeye alishaupima mlango kwa macho, tayari kukimbia na kidonda chake, maana ndani ya shati kulikuwa na kifua anachokibana kwa kitambaa tangu alipoacha kuvaa magauni. Nesi aliyekuja kumhudumia alikigusa kile kitambaa juu ya shati, akaelewa.

"Nendeni nje, hapa si gereji," akawaambia, akavuta pazia. "Kaka, shati hatulivui. Nakata huu mkono wa shati, basi."

Fundi akashusha pumzi, akanyoosha mkono. Sasa mkono umepona, yuko Sakina, uvunguni mwa lori la Fuso, anafunga giaboksi.