Kichaka Tulichokisafisha Bila Moto

Kaka yangu alinipa kichaka akijua sitakiweza. Nasema hivi hivi, na hata yeye akinisikia hatabisha.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Keza kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo, nilikoolewa na nilikofukuzwa. Nilikuja na binti zangu wawili na kanga moja nzuri, ile ya harusi. Tukawa tunalala jikoni kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki na ardhi yote iko mkononi mwa kaka. Mama alimsihi mpaka akachoka kusihiwa. Siku moja akanionyesha eneo la bondeni ambalo baba aliliacha miaka mingi: miiba mitupu, na vijiti vinene kama mkono wangu vimenipita kichwa. Hata mbuzi hapenyi.

"Dada, mvua ya kwanza ikikuta umelisafisha, ni lako," akasema mbele ya mama. "Isipolikuta safi, linarudi kwangu, na tusisumbuane tena."

Sasa, sisi tulijua njia moja tu ya kusafisha: unafyeka, unaacha yakauke, unatia moto. Lakini ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka kuja kwetu. Nyuma ya kilima kulikuwa na kambi, maturubai yamebanana mpaka macho yanaishia, na serikali ya kijiji ilikuwa imepiga marufuku moto wowote shambani, upepo usije ukaupeleka huko. Kaka alilijua hilo fika. Ndiyo maana alikuwa mkarimu ghafla! Nilipong'amua nilikaa chini njiani nikalia. Kisha hasira zikanipanda, nikanyanyuka na panga.

Wiki nzima nilikata peke yangu, nikapata nafasi ya kutandika mkeka mmoja, basi. Mikono ilichanika, na niliyoyakata sikuwa na pa kuyaweka. Wifi yangu akipita ananitania, "Eh, wifi, unajenga kiota?" Nikazidi kukata.

Asubuhi moja nikasikia vijiti vinavunjika upande wa pili. Walikuwa wanawake watatu wa kambini, wanatafuta kuni. Siku zile watu wetu walikuwa wamechoka. Miti ilikuwa imeisha kwa kuni, nyasi zetu zote zimeishia kwenye vibanda vya kambi, na ukimkuta mkimbizi shambani kwako unamfukuza kwa matusi. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mmoja wao, mtu mzima, akawahi kunisalimia, "Mwaramutse." Lugha yao na Kihangaza chetu zinakaribiana, tunaelewana bila taabu. Nikamtazama mikono, imechanika kama yangu. Matusi yakanikauka mdomoni, nikaona aibu.

"Kesho njooni na wenzenu," nikawaambia. "Kila kijiti kinene ni kuni zenu. Lakini majani na matawi hayatoki hapa. Mtayakatakata vipande vya urefu wa shubiri, tuyatandaze chini."

Hilo la kutandaza nililitoa migombani. Kibanja cha migomba kwetu hufunikwa nyasi, udongo usikauke, ila shamba la kichakani hakuna aliyewahi kulipa heshima hiyo. Mimi sikuwa na moto wala pa kutupa. Ningefanyaje?

Loo, walikuja! Walikuja wengi mpaka nikaogopa. Miti mikubwa michache iliyosimama humo ilikuwa hairuhusiwi kukatwa, na nilijua kaka anatafuta kosa, kwa hiyo nikaichukua kanga yangu ya harusi, nikaichana, nikafunga kipande kwenye kila mti wa kuachwa. Kipande cha kwanza kiliniuma rohoni. Cha pili nilikichana nikicheka. Wengine wakawa wanakata, wengine tunang'oa visiki, wengine wamekaa na kigogo mbele yao wanakatakata, tak, tak, tak, huku wanasimuliana mambo ya kwao waliyoyaacha. Kila siku kichaka kikirudi nyuma, na ardhi ikibaki imefunikwa mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, kaka akaja na mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, binti yangu."

Kaka hakungoja. "Hapa pamesafishwa? Takataka zimejaa kote! Tena ameingiza wakimbizi wamekata miti ya kijiji."

Mwenyekiti akaenda mti kwa mti, anagusa vipande vya kanga. "Miti ninaiona yote," akasema. "Na hizi takataka, binti yangu?"

Nikapiga magoti, nikayafukua majani. Jua lilikuwa bado kali, lakini chini yake udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, una minyoo. Nikamshika kaka kiganja, nikakibandika pale.

"Kaka, migomba yako inanyauka kwa kukosa nini?"

Akajaribu kukivuta kiganja chake.

"Sema, mzee akusikie."

"Matandazo," akasema, macho chini.

"Na haya umeyashika ni nini?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akasema shamba limesafishwa na kuvishwa nguo juu, na mwenye kutoa ahadi aandae mpaka. Mpaka kwetu ni minyaa, vijiti vya utomvu vinavyoota vikichomekwa, na anayeitoa ardhi ndiye anayeichomeka kwa mkono wake.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa siku ya tatu, na asubuhi kaka akaja na mzigo wa minyaa begani. Wale wanawake wangu walikuwa wanapita na kuni zao kichwani. Wakasimama. Binti zangu wamenishika nguo, mama amekaa juu ya kisiki, na mimi moyo unanidunda kwa furaha hata nikaogopa utasikika. Kaka akainama, akachomeka mnyaa wa kwanza, hatua mbili ndani ya matandazo yangu.

"Kaka," nikamwambia, "rudi nyuma."

Akanitazama. Akamtazama mama. Akauchomoa, akarudi nyuma hatua mbili, na vigelegele vikapasuka njiani.