Kata na Kopo

Nyumbani kwa Ruwaida, Magogoni, mtungi wa maji ya kunywa hukaa pembeni mwa ukumbi, na juu ya kifuniko chake hulala kata ya kifuu. Msalani kuna pipa, na juu yake kopo. Vyote viwili vyateka maji, tena kiasi kile kile. Tangu akitambaa, Ruwaida hajaviona vikibadilishana mahali, na bibi yake, Bi Jalila, hakuwahi kueleza kwa nini.

Ruwaida huandika programu za kompyuta. Mwezi ule alikuwa na kazi ya zahanati moja ya Mjambere: muuguzi aingize umri na uzito wa mtoto, kompyuta imwambie ampe dawa kiasi gani. Mwenzake Griffin, kijana wa bara, alikuwa ameshaiandika kwa lugha nyepesi ya kompyuta, isiyouliza maswali. Kwake namba ni namba. Ruwaida alitaka iandikwe upya kwa lugha kali, ambamo kila kitu hutajwa aina yake, na umri hauwezi kuketi mahali pa uzito hata ukibembeleza.

"Zahanati wanaingoja kesho," Griffin alinung'unika, wakifanya kazi ukumbini kwa Bi Jalila. "Na hiyo lugha yako ni kama soja wa geti. Anakujua, na bado anataka kitambulisho!"

Adhuhuri ilikuwa imepita, joto limetanda. Ruwaida akaegemea mto, usingizi ukamchukua nusu. Akaona namba zikipita ukumbini kama maji, hazina rangi wala harufu. Moja ilikuwa miezi ya mtoto, nyingine kilo zake, zote zikiingia chupa moja. Akaziuliza, "Wewe u nani? Nawe?" Hazikujibu. Chupa ikafurika. Ng'ambo ya maji mtoto alikuwa amefumbua kinywa, akingoja kijiko.

"Lahaula!" Bi Jalila alimaka.

Ruwaida alizinduka. Kata ilikuwa imepelekwa jikoni kuoshwa, na Griffin, kwa kiu yake, alikuwa amechota mtungini kwa kopo la msalani.

"Nimeliosha na sabuni, shosh!" Griffin alijitetea, akimwita bibi kwa neno la kwao bara.

"Shoshi ndiye nani? Hilo ni la msalani, baba. Hata ulioshe kwa Zamzam."

Bi Jalila akaumwaga mtungi wote uani, kwenye shina la mkilua.

"Maji yote hayo?" Griffin aliuliza.

"Mwingine angeyanwa, angejua?"

Griffin alilitazama kopo. Alianza kucheka, kisha akaacha.

Ruwaida, ndoto ingali machoni, aliivuta kompyuta. Akautaja umri kwa aina yake, uzito kwa yake, akahamisha hesabu za Griffin kama zilivyo. Kompyuta ikagoma kwenye mstari mmoja: palipotakiwa uzito, palitiwa umri. Mtoto wa miezi kumi na minane angepimiwa dawa ya mtoto wa kilo kumi na nane. Lugha nyepesi ilikuwa imeupitisha kimya. Ukimya wa namna hiyo si upole, ni uzembe.

Griffin aliusoma mstari wake, akakaa chini.

"Tutawaambia nini?"

"Ukweli. Programu haiji kesho. Waendelee na chati yao ya dawa ya ukutani."

Ruwaida akapiga simu zahanati mwenyewe. Uani mchanga ulikuwa umeshayanywa maji, na harufu ya vilua ikaingia ukumbini polepole. Mtungi ulijazwa upya, kata ikarudi juu ya kifuniko.

"Bi Jalila," Griffin aliita kwa sauti ndogo, "naomba maji."

"Kata hiyo hapo, mjukuu wangu."