Mapazia ya Majani Matano

Nakumbuka mwaka ule mvua ya mawe ilipomaliza chai yetu huku Mogogosiek. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliachia darasa la tano, na hiyo sifichi. Nikaandikwa kazi ya kufua na kupangusa kwa nyumba ya meneja wa shamba kubwa.

Mwanangu, sebule ile sijaisahau. Ukuta wote ulibandikwa karatasi ya Uingereza, ya enzi za Malkia Victoria, vile mama wa nyumba alinieleza. Matawi yanajikunja, majani yanafuatana, ndege wadogo wamejificha ndani, na pale karatasi moja inapoungana na nyingine huoni. Nilikuwa nikipangusa polepole makusudi.

Nikaanza kuchonga michoro kwenye vibao vya mbao kwa kisu cha jikoni, navipaka rangi, nagonga kwa kitambaa picha ibaki. Akina mama wa kanisa wakasikia. Wakataka mapazia ya kanisa jipya, yenye picha ya chai. Yakipendeza, watanipeleka kwa makanisa mengine. Hapo ningeacha kufulia watu.

Chai! Nani angenifundisha chai, mimi niliyezaliwa ndani yake? Nikachonga bila kutoka nje, macho yangu kwa ile karatasi ya ukutani.

Jumamosi tukayatundika. Mama mmoja mchuma chai akatazama, akaangua kicheko.

"Wewe msichana, majani matano kwa tawi moja? Karani wa kupima chai angemwaga hii yote chini!"

"Mwache, labda ni chai ya mbinguni," mwenzake akasema.

Kila mtu huku anajua tunachuma majani mawili na chipukizi. Mapazia yakateremshwa, na mimi nikarudi kwa karai langu la kufulia.

Kogo, nyanya yangu, hakucheka. Alishika lile pazia.

"Aliyechora ukuta wa mzungu alikuwa anaangalia nini?"

"Miti ya kwao, Kogo."

"Na wewe?"

Nikainamia karai langu.

"Uliangalia ukuta wake. Toka nje."

Nikatoka. Miezi mitatu, kila nikimaliza kufua, niliketi katikati ya chai. Ndipo nikaona chipukizi limejisokota, limechongoka kama sindano, na manyoya meupe mgongoni. Nilikuwa nimelichuma tangu utotoni na sikuwahi kuliona! Nikachonga upya, na mapazia ya pili yako kanisani hadi leo.

Sasa nyinyi vijana wa chuo cha Kabianga mnakuja kwangu na simu zimejaa picha za maua ya mbali, mnataka niwachongee. Sichongi. Penda kazi ya mgeni, jifunze vile anapanga tawi lake, lakini jani litoke kwa shamba lako. Na uliangalie kabla hujashika kisu, hasa lile unalodhani unalijua.

Leo nina nyumba ya mawe, ng'ombe watatu wa maziwa, meza mbili ndefu za kupigia chapa, na kabati limejaa vibao. Kile cha majani matano nimekipigilia juu ya mlango.

Mungu akufungue macho, mwanangu, na mikono yako iyafuate.